Michirizi ya Bi Kidawa

Bakiri alikuwa na wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa mke. Mkewe, Saida, alikuwa kwao Tanga, mwanamke mtulivu asiye na mambo mengi, na kila Ijumaa alipompigia simu Johannesburg swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Mke mwenzangu hajambo?" Bakiri alicheka, maana mtu akitaniwa na mkewe afanyeje, lakini moyoni alijua Saida amelenga penyewe. Huyo mke mwenza alikuwa farasi jike wa miaka mitano, kahawia iliyokoza, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, na Bakiri alimpenda kupita kiasi.

Alikuwa mtunza farasi kwenye mabanda ya mbio kusini mwa jiji, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja. Kwenye karatasi za mbio farasi huyo alikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo Bakiri hakujisumbua kulikariri. Yeye alimwita Bi Kidawa, kwa sababu siku ile alipoletwa alitazama banda, akatazama majani, akamtazama na Bakiri mwenyewe, kisha akageuza shingo kama bibi aliyekaribishwa chai ya baridi. Jina likamganda. Kwa miaka mitatu Bakiri ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemsugua mwili mzima kwa brashi, ndiye aliyemkwangua kwato na kumtembeza kwa kamba baada ya mazoezi mpaka jasho likauke. Alipougua tumbo alikaa naye siku nzima humo bandani bila kutia kitu mdomoni. Na shukrani yake ilikuwa nini? Kila asubuhi Bakiri akifungua mlango, yule bibi alilaza masikio, akageuka, akampa matako.

Hayo yote angeyavumilia. Wapo binadamu waliozaliwa wamenuna, na farasi nao ni hivyo hivyo. Kilichomkosesha raha ni Placide.

Placide ndiye aliyempanda Bi Kidawa siku za mbio. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, Mkongo aliyeletwa kutoka Bukavu akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia mtaa wa Yeoville, humo humo Johannesburg, kati ya saluni na vyerehani, mfupi, mwepesi, mwenye mikono yenye nguvu kuliko umbo lake. Alikuwa na leseni, buti za kung'aa, na jina lake lilitoka gazetini. Alikuja mara mbili kwa wiki, saa mbili asubuhi, akishuka garini tayari anaongea, na Bi Kidawa akiisikia tu ile sauti alilia mabanda yote yakasikia. Alitoa kichwa nje, akatikisa manyoya ya shingo, akagonga mbao kwa kwato. Placide alimkumbatia shingo na kumwita "Chérie," yaani mpenzi kwa Kifaransa. Bakiri alisimama pembeni ameshika ndoo.

"Vieux Bakiri," alimwamkia, yaani mzee, "anaendelea muzuri?"

"Anaendelea kama ulivyomwacha."

"Huyu ananipenda sana. Unaona?"

"Naona. Macho ninayo."

Chérie! Mtu anakuja nusu saa, ananukia manukato, anaondoka zake, halafu ndiye anayeitikiwa. Aliyezoa kinyesi miaka mitatu haitikiwi hata kwa mkia. Bakiri aliyasema hayo kila Placide alipoondoka, tena kwa sauti, huku akifagia kwa nguvu zisizohitajika.

Basi ikafika Jumamosi moja ya mvua, Bi Kidawa akaingizwa mbio za mita elfu moja na mia sita. Sheria za hapo zilimruhusu mpandaji kumpiga farasi viboko kumi na viwili, basi. Cha kumi na tatu ni kosa, na wasimamizi wa mbio hukaa na video baadaye wakivihesabu kimoja kimoja. Placide alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, asije akapitiliza, un, deux, trois, na wapandaji wenzake walimcheka kwa hilo. Siku ile, mita mia za mwisho, farasi watatu walikwenda bega kwa bega. Bi Kidawa alikuwa upande wa ndani, wale wawili wakamziba, na kamera haikuuona tena mkono wa Placide. Bi Kidawa akashinda kwa urefu wa pua.

Placide aliruka chini, akambusu shavuni, akafungua tandiko, akaenda kupimwa uzito. Daktari wa zamu alitazama miguu kwa haraka chini ya matope yote yale na kusema mpelekeni. Bakiri akampokea, akamtembeza, akamwosha kwa mpira wa maji mpaka maji yakatoka meupe. Kisha akafanya kile ambacho kila mtunza farasi anayejiheshimu hukifanya: akafumba macho, akapitisha viganja mwili mzima, kuanzia shingoni mpaka chini ya magoti, kwa kuwa vinundu na uvimbe mdogo hujificha chini ya manyoya na kiganja ndicho kinachovikuta. Hakukuta kitu. Ngozi ilikuwa laini. Paja la nyuma la kulia tu ndilo lililokaza, nyama ikirukaruka kwa uchovu.

Placide alirudi amevaa nguo kavu, naye akaliona lile paja kutoka mlangoni. "Vieux, hapa amekaza. Umuwekee barafu dakika makumi mbili, itaisha."

Bakiri aliinama kuokota ndoo. Alingoja gari liondoke ndipo akatema mate chini. Barafu! Huyu aliyezaliwa juzi ndiye wa kumfundisha yeye paja la Bi Kidawa? Alikwenda chumbani kwake akachukua chupa ya mafuta ya karafuu aliyouziwa na Shufaa, mama wa Tanga anayeuza dawa za nyumbani pale Yeoville. Yalikuwa ya goti lake mwenyewe, na Shufaa alimwambia mara mbili, tena kwa kidole: "Matone matano kwenye kikombe cha mafuta ya nazi. Usiyapake matupu, mwanangu, yatakubabua." Mafuta ya nazi yalikuwa yamekwisha tangu mwezi uliopita. Bakiri akafikiri: goti langu ni la mtu, hili ni paja la farasi, ngozi nene. Na akafikiri zaidi, na hapo ndipo palipomponza, kwamba kesho Bi Kidawa ataamka mzima na atajua nani ni nani.

Akamimina mafuta matupu kiganjani, akachovya vidole vitatu, akavuta kutoka juu ya nyonga kushuka chini, kwa kukandamiza. Akachovya tena, akavuta tena pembeni yake. Bi Kidawa alirusha teke lililomkosa Bakiri kidogo tu.

"Tulia, mke wangu," alimwambia. "Dawa ikichoma ujue inafanya kazi."

Asubuhi alikuta michirizi sita. Ilikuwa imevimba, imenyooka, minene kama kamba, kutoka nyongani kushuka pajani, na manyoya juu yake yamesimama. Bakiri aliweka vidole vyake vitatu juu ya mitatu ya kwanza. Vikaingia sawasawa. Akaviweka juu ya mitatu ya pili, navyo vikaingia. Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alimwosha kwa maji na sabuni, akampaka vaselini, akamwosha tena, lakini michirizi ilibaki pale pale.

Saa tatu daktari wa mifugo wa bodi ya mbio akafika. Watazamaji walikuwa wamepiga simu tangu jana kulalamika kwamba yule kijana alijificha nyuma ya wenzake akampiga farasi bila huruma. Daktari aliona michirizi, akapiga mluzi, akapima kwa rula, akapiga picha. "Sita," alisema. Mkufunzi wa mabanda, mama wa Kizungu aliyeitwa Bi Venter, alijifunika mdomo kwa mkono. Hakuna aliyemuuliza Bakiri chochote. Walikuwa wamekuja kutafuta alama za mjeledi na alama wamezipata.

Bakiri alikuwa ameshika kamba, akawaacha waamini hivyo. Nitasema ukweli wake hata kama haupendezi: hofu ya kufukuzwa ilikuwepo, lakini ilikuwa robo. Robo tatu ilikuwa furaha.

Kesi ilisikilizwa Alhamisi, kwenye chumba chenye meza ndefu na televisheni kubwa ukutani. Wasimamizi walikuwa watatu. Waliendesha video taratibu, wakahesabu pamoja mpaka kumi na moja, kisha farasi wale wawili wakaziba picha.

"Baada ya hapo?" aliuliza mwenyekiti.

"Kimoja tu," alisema Placide. "Nikasema douze, nikageuza mjeledi chini. Nilihesabu. Mimi huhesabu siku zote."

Mwenyekiti akamsukumia zile picha: mjeledi wa mbio una sponji, na viboko kumi na viwili haviachi michirizi kama ile. Placide alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuusugua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

Wakamwita Bakiri. Swali lilikuwa jepesi na lilikuwa moja. Jioni ile ya mbio, alipokuwa akimwosha farasi, alama hizi zilikuwepo au hazikuwepo?

Bakiri alikuwa hajaamua. Amini usiamini, mpaka anakaa kwenye kile kiti alikuwa hajui atasema nini, na ukweli ulikuwa umeshafika kwenye meno. Ndipo Placide alipomgeukia na kumwambia kwa Kiswahili, kwa upole wa mtu anayemwamini mwenzake: "Sema tu, vieux. Sema kile uliona. Wewe njo unajua Chérie."

Chérie, hata pale, mbele ya wazee wa watu.

"Zilikuwepo," alisema Bakiri.

Placide alifungiwa siku sitini. Mbio kubwa ya msimu, ile ambayo Bi Kidawa alikuwa akiandaliwa tangu mwaka uliopita, ilikuwa baada ya wiki tatu, kwa hiyo atapandwa na mwingine. Bakiri alirudi mabandani akitembea kifua mbele. Siku mbili aliishi kama bwana harusi. Hakuna gari la saa mbili, hakuna manukato, hakuna Kifaransa. Bi Kidawa alimpa matako kama kawaida, naye akamwambia, "Nuna tu, mama. Tumebaki mimi na wewe."

Siku ya tatu gari likaja.

Placide aliomba ruhusa kwa Bi Venter amwone farasi, akapewa. Safari hii hakushuka akiongea, lakini Bi Kidawa alizijua hata hatua zake, akalia. Placide alisimama mbali, mikono nyuma. Bi Kidawa akanyoosha shingo, akamvuta mkono wa shati kwa midomo, na kijana yule akaanza kulia machozi.

"Pardon," alimwambia. "Pardon, Chérie. Sikukumbuka. Kweli sikukumbuka."

Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Alileta karoti, akaleta na dawa ya kupaka aliyoinunua duka la dawa, akampa Bakiri kwa mikono miwili. "Umupake wewe, vieux. Mimi sina haki ya kumugusa." Kisha alisimama mlangoni akiomba msamaha, na kila alivyoomba ndivyo Bi Kidawa alivyojisogeza kwake, akimpumulia usoni, akitulia kama ambavyo hakuwahi kutulia na mtu. Bakiri alikuwa pale pale, ameshika kamba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushika kamba.

Hapo ndipo wivu ulipomrudia, tena ukiwa na meno mapya. Alipomharibia Placide alidhani amemtoa kwenye njia, kumbe amempa zawadi. Kabla ya hapo Placide alikuwa na nusu saa yake mara mbili kwa wiki. Sasa alikuwa na kila asubuhi, alikuwa na machozi, alikuwa na jambo zito kati yake na Bi Kidawa ambalo Bakiri hakuhusishwa nalo. Na jambo lenyewe lilikuwa la Bakiri! Michirizi ile ilikuwa vidole vyake, mafuta yake, upumbavu wake mwenyewe. Akipika ugali alifikiri hilo, akiswali alifikiri hilo. Mtu mwingine amesimama kwenye mlango wa Bi Kidawa anaomba msamaha ambao si wake.

Saida alipopiga simu Ijumaa na kuuliza habari za mke mwenza, Bakiri alimjibu kwa ukali, "Muulize mwenyewe," akakata. Hakuwahi kumkatia simu.

Asubuhi ya saba Placide alikuja amenyoa, amevaa shati la kanisani. Alisimama mlangoni akasema bila kumtazama Bakiri machoni.

"Nimekuja kumuaga. Siku ya kwanza ya juma nitarudisha leseni. Mama ameniongelea kazi kwa mujomba, ya ulinzi, kule Midrand kwenye maghala."

"Si wamekufungia siku sitini tu?"

"Siku si kitu. Vieux, mimi nilikuwa nahesabu. Njo kitu kimoja nilikuwa nacho. Mukono wenye haujue kuhesabu haufae kushika mujeledi." Akavuta pumzi. "Niache niingie, mara moja ya mwisho."

Bakiri akampisha. Hili ndilo alilolitaka, au sivyo? Placide anaondoka, harudi, tena kwa hiari yake. Angetakiwa kuficha tabasamu. Akasimama na kamba yake akamwona kijana yule anapiga magoti kwenye majani makavu, na shati lake jeupe, akanyanyua kiganja na kukiweka taratibu juu ya ile michirizi, akaifunika yote. Bi Kidawa, aliyekuwa akirusha teke kila Bakiri alipogusa pale, hakusogea. Alishusha kichwa, akafumba macho nusu.

"Pardon," alisema Placide. "Ni mimi nilikuumiza."

"Toa mkono!"

Sauti ilimtoka Bakiri kabla hajaijua. Bi Kidawa alishtuka, Placide akageuka.

"Toa mkono hapo. Si wewe uliyemuumiza, unaomba msamaha wa nini? Hizo ni zangu!"

"Vieux, unasema nini?"

Bakiri alitupa kamba chini, akamsukuma Placide kwa bega, akaweka vidole vitatu juu ya michirizi mitatu, akavihamishia juu ya mitatu mingine. Havikuhitaji maelezo, lakini aliyatoa yote, moja baada ya jingine, akiyatema: paja lililokaza, barafu, chupa ya Shufaa, mafuta ya nazi yaliyokwisha, viganja vyake ambavyo jioni ile havikukuta hata kinundu. "Ulimpiga kumi na viwili," alisema. "Ulihesabu sawa."

Placide alibaki amepiga magoti. Mdomo wake ulisogea, bila sauti, na Bakiri aliona kwamba alikuwa akihesabu.

"Kule mbele yao," alisema mwishowe. "Ulisema zilikuwepo."

"Nilisema uongo."

"Kwa nini? Nilikukosea nini mimi? Siku kumi silale. Nikifunga macho naanza un, deux, nikifika douze sijue tena, naanza upya. Nimemuambia mama yangu kama mimi ni mutu wa kupiga munyama mpaka avimbe. Kwa nini, vieux?"

Sababu ilikuwepo na ilikuwa ya aibu, lakini Bakiri hakuwa na nyingine. "Kwa sababu anakuita," alisema. "Miaka mitatu. Mimi hajaniita hata siku moja."

Placide alisimama. Alikunja ngumi, akaiinua mpaka kifuani, na Bakiri hakukwepa. Ngumi ilikaa pale hewani, kisha ikafunguka yenyewe. Placide akaitazama kama anayerudishiwa kitu chake kilichokuwa kimeibiwa, akajipangusa majani magotini.

"Utayasema hayo kwa Bi Venter. Sasa hivi. Na kwa wale wazee."

"Nitayasema."

"Watakufukuza. Hutaingia kwenye banda la farasi tena, si hapa, si kwingine."

"Najua."

"Na mimi watanifungulia."

"Najua!" alisema Bakiri, na hilo ndilo lililomuuma kuliko kufukuzwa. "Watakufungulia, utampanda kwenye ile mbio kubwa, atashinda, utambusu. Yote nayajua. Usinihesabie."

Placide akaokota kamba, akamnyooshea amfunge farasi waende kwa Bi Venter. Bakiri hakuipokea.

"Toka nje kwanza," alisema. "Dakika mbili. Umemwomba asubuhi saba kwa kosa ambalo si lako. Na mimi nimwombe kwa langu, peke yangu."

Placide alimtazama, akatoka, akarudishia mlango wa chini, akasimama uani amewapa mgongo. Bi Kidawa alinyoosha shingo juu ya mlango na kuanza kumlilia. Bakiri alipiga magoti kwenye majani, akangoja amalize. Hakumaliza. Basi akamwomba msamaha hivyo hivyo, huku yeye akimwita mwingine.